Mfumo mmoja wa utendaji na vipaji: mwongozo kamili kwa kampuni za Mwanza na kando ya ziwa

Desemba ikifika, HR (ofisa utumishi) wa kampuni nyingi za Mwanza huanza kuzunguka na fomu za tathmini ya wafanyakazi. Msimamizi wa zamu anakabidhiwa fomu 30 siku ya Alhamisi na kuambiwa azirudishe Jumamosi. Ya Novemba anayakumbuka, ya Machi yameshafutika kichwani. Basi kila mtu anapewa "nzuri", isipokuwa yule waliyepishana naye kauli juzi. Fomu zinaingia kabatini. Februari mwenye kampuni akitaka kujua nani anafaa kuwa msimamizi mpya, hakuna anayefungua kabati hilo. Anapigiwa simu meneja wa uzalishaji, naye anataja jina la kwanza linalomjia.

Programu ya kisasa ya kusimamia wafanyakazi haiwezi kukuondolea tatizo hilo kama utaitumia kujaza fomu ileile kwenye kioo badala ya karatasi. Faida yake ni kwamba inakusanya mambo ya mwaka mzima, kidogo kidogo, mahali pamoja. Mwongozo huu umeandikwa kwa kampuni ya watu 50 hadi 300 hivi: kiwanda cha minofu, hoteli, msambazaji wa vinywaji, hospitali binafsi. Mfano nitakaoutumia ni kiwanda cha kubuni cha minofu ya sangara pale Nyakato, chenye wafanyakazi 140 na zamu mbili.

Kinachounganishwa ni nini hasa

Kampuni ya kawaida ina mahudhurio kwenye mashine ya mlangoni, mishahara kwenye Excel ya mhasibu, vyeti vya mafunzo kwenye faili la udhibiti ubora, na tathmini kabatini. Vitu vinne, na mtu mmoja ana majina manne. Mfumo uliounganishwa unampa kila mfanyakazi namba moja, kisha kila kinachomhusu kinaning'inia kwenye namba hiyo: alivyoajiriwa, zamu zake, malengo yake, maelezo ya msimamizi wake, mafunzo, mshahara, na nafasi anayoandaliwa.

Wenye ndugu walimu au wauguzi wa serikali wameshausikia utaratibu huu. Utumishi wa umma ulianza na OPRAS mwaka 2004, fomu za karatasi zilizojazwa na kusainiwa, na sasa watumishi wanajaza kazi zao kwenye PEPMIS, ambapo mtumishi anaandika anachofanya na mkuu wake anathibitisha humohumo. Wamiliki wengi wa kampuni binafsi wanaliona jambo hili kuwa la serikali na mabenki. Mimi naona kiwanda cha watu 140 kinalihitaji zaidi, kwa sababu hakina jopo la maofisa utumishi. Kina HR mmoja, na akiacha kazi kumbukumbu zote zinaondoka naye.

Hatua ya 1: Safisha orodha ya watu

Usiguse programu yoyote kabla ya hili. Chukua orodha ya mishahara, ya NSSF na ya mashine ya mahudhurio, ziweke sambamba kwenye Excel, uone zinavyogombana. Ukanda wetu una shida yake ya pekee: majina ya Kisukuma yenye ng'. Ng'wandu kwenye kitambulisho cha NIDA anakuwa Ngwandu kwenye NSSF, na N'gwandu kwenye orodha ya zamu. Hata alama yenyewe ya ritifaa ina maumbo zaidi ya moja kwenye kompyuta, kwa hiyo programu inaweza kuona watu wawili pale ambapo jicho lako linaona mmoja. Ndiyo maana jina lisiwe kitambulisho. Tumia namba ya kazi ya kampuni kama ufunguo, na namba ya NIDA yenye tarakimu 20 kama shahidi.

Ongeza safu nne tu: tarehe ya kuajiriwa, aina ya mkataba, cheo, na msimamizi wa moja kwa moja. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokusumbua. Mkata minofu anayebadilisha zamu kila wiki ana wasimamizi wawili. Amua mapema nani atamtathmini, na mwingine awe mtoa maoni. Ukiacha wazi, mwisho wa mwaka kila mmoja atadhani mwenzake amejaza.

Vibarua wa siku waingize kwenye mahudhurio na malipo, lakini usiwawekee tathmini kamili. Alama moja ya "tumwite tena" au "hapana", pamoja na sababu, inatosha.

Hatua ya 2: Andika kazi, halafu malengo

Kiwanda chetu cha mfano hakina kazi 140. Kina aina kumi na kitu: mapokezi ya samaki, wakata minofu, watoa ngozi, wapangaji, wafungashaji, chumba cha baridi, udhibiti ubora, mafundi, madereva, ulinzi, ofisi. Kila aina iandikiwe nusu ukurasa: anafanya nini, anawajibika kwa nani, na kazi nzuri inaonekanaje. Nusu ukurasa. Maelezo ya kazi ya kurasa nne yaliyonakiliwa mtandaoni hayasomwi na mtu.

Sasa viashiria, yaani vipimo vya kazi ya mtu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mifumo mingi inapoharibikia. Mwenye kiwanda atakwambia: pima kilo kwa saa. Ni rahisi, mizani ipo. Ukifanya hivyo, kuanzia wiki ya pili wakata minofu wataongeza kasi na nyama itabaki kwenye mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya kukata. Kilo kwa saa zitapanda kwenye dashibodi huku sehemu ya faida ikiondoka na malori ya mapanki. Kipimo sahihi kinaangalia vitu viwili kwa pamoja: kilo za minofu zinazopatikana katika kila kilo 100 za sangara aliyepokelewa, na kasi. Halafu linganisha watu waliokata samaki wa ukubwa mmoja siku moja, maana sangara wadogo wanakula muda na kutoa minofu kidogo.

Usisahau ziwa lenyewe. Upepo ukivuruga maji, maboti ya kukusanya samaki visiwani yanachelewa na zamu nzima inakaa ikinoa visu. Lengo la tani kwa mwezi linamwadhibu mfanyakazi kwa kosa la hali ya hewa. Anayefanya biashara ya dagaa analijua hili zaidi: mbalamwezi ikiwa kamili, taa za wavuvi hazivuti dagaa, hivyo mwezi wa kalenda unachanganya siku za neema na siku za ukame bila mpango. Kwa shughuli hizo, weka kipindi cha kupima kifuate giza la mwezi. Programu nyingi zinakuruhusu kuchagua tarehe za kuanza na kumaliza kipindi. Itumie nafasi hiyo.

Kila kazi ipate viashiria vitatu hadi vitano, na uzito wake jumla iwe 100. Mfano wa mkata minofu: minofu kwa kilo 100 (uzito 40), usafi na usalama wa chakula (30), mahudhurio (20), kuwaelekeza wapya (10). Alama ni 1 hadi 5. Aliyepata 4, 3, 5 na 2 hesabu yake ni 1.6 + 0.9 + 1.0 + 0.2, yaani 3.7. Mwonyeshe kila mfanyakazi hesabu hii kwenye ubao kabla mfumo haujawashwa. Asipoielewa alama yake imetoka wapi, atahisi imetoka mfukoni kwa bosi.

Hatua ya 3: Chagua programu

Kwa ukubwa huu, majina utakayokutana nayo ni Frappe HR, OrangeHRM, Odoo na Zoho People. Frappe HR ni ya chanzo huria, yaani unaweza kuisimika bila kulipia leseni. Ina mzunguko wa tathmini, violezo vyenye uzito wa kila eneo la kazi, malengo, maoni ya wenzake, na mishahara ndani yake. OrangeHRM ina toleo la bure lenye viashiria na tathmini, na mengine yanalipiwa. Odoo inafaa kama stoo na mauzo yako tayari yamo humo, ila sehemu ya tathmini iko kwenye toleo la kulipia. Zoho People inakaa kwenye seva zao na unalipa kwa idadi ya watu. SAP SuccessFactors na Workday ni za mashirika makubwa. Ukiletewa na mtu wa mauzo kwa kampuni ya watu 140, mpe chai na umshukuru.

"Bure" ina gharama zake: seva, fundi wa kuisimika, na mtu wa kuamka usiku ikigoma. Upande wa pili, malipo ya mwezi kwa dola yanapanda shilingi ikishuka hata kama hujaongeza mtu. Piga hesabu ya miaka mitatu kwa zote mbili.

Usikubali kuonyeshwa mfumo wenye data za muuzaji. Mpe orodha yako ya watu 20, zikiwemo zile ng', mwambie aiingize mbele yako. Kisha mtake afanye haya ukiwa umekaa pembeni: atengeneze mshahara wa mwezi mmoja wenye PAYE, NSSF na saa za ziada, na tarakimu zilingane na za mhasibu wako, amhamishe mfanyakazi kutoka kwa msimamizi mmoja kwenda mwingine katikati ya mwaka bila maelezo ya zamani kupotea, azime intaneti na uone msimamizi anaweza kuandika kitu kwenye kishikwambi kikaenda baadaye, na mwisho atoe data zote kwenye faili la kawaida. Akishindwa hilo la mwisho, ondoka. Siku utakayotaka kuhama utakuta data zako zimeshikiliwa.

Muulize pia kama maneno ya kwenye vitufe yanaweza kubadilishwa yawe Kiswahili. Msimamizi wa zamu aliyepanda kutoka mezani pa kukatia hatajaza skrini iliyojaa Kiingereza. Atamwita HR amjazie, na hapo umerudi kwenye fomu.

Kuhusu mashine ya mlangoni: vidole vilivyoshinda kwenye maji ya barafu mara nyingi havisomeki. Zamu ikitoka, foleni inafika getini na watu wanapitwa na daladala za Buzuruga. Kadi, au mashine inayosoma uso, inafaa zaidi kwa wa ndani ya kiwanda.

Hatua ya 4: Maelezo mafupi kila wiki mbili

Hii ndiyo injini ya kila kitu. Kila msimamizi aandike sentensi mbili au tatu kwa kila mtu wake, walau mara mbili kwa mwezi, kwenye simu au kishikwambi. Mfundishe kuandika tukio, siku na matokeo. "Hana nidhamu" haisaidii mtu. "Jumanne zamu ya usiku alianza kukata bila kubadilisha glovu baada ya kutoka nje, trei mbili zilirudishwa na udhibiti ubora, nimemwelekeza" inasaidia leo, na itasaidia miezi minane baadaye.

Mazuri yaandikwe vilevile. Wasimamizi wengi hukumbuka kuandika pale mambo yanapoharibika tu, na mwisho wa mwaka faili la mchapakazi linakuwa tupu kama la mtoro aliyekuwa na bahati ya kutokamatwa.

Kisha yasemwe ana kwa ana. Kwetu hili lina uzito, hasa msimamizi akiwa kijana na anayemsimamia ni rika la mama yake. Mfumo utamtumia mama ujumbe kwamba "ametathminiwa". Akiupata kabla hajaambiwa, ni dharau. Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimekaa na rekodi za wiki mbili hizi. Kwenye kuwaelekeza wapya umetubeba kweli. Ila minofu imeshuka tangu wiki iliyopita, nikaona nikuulize kabla sijaandika chochote."

"Kisu hicho mlichonipa, baba. Kimeisha. Nimeomba kingine mara ngapi?"

Hapo msimamizi anaandika suala la kisu, siyo la uvivu, na stoo inapata kazi ya kufanya. Kiashiria kilimwonyesha pa kuuliza. Jibu alikuwa nalo mama.

Hatua ya 5: Tathmini ya nusu mwaka, na kusawazisha

Fanya tathmini kamili mara mbili kwa mwaka. Mfanyakazi anajipa alama kwanza, msimamizi anafuata, na mfumo unaonyesha maelezo yote ya miezi sita pembeni ya sehemu ya kujaza. Asiye na simu janja apewe kishikwambi cha ofisi na faragha ya dakika kumi. Asijaziwe na mwenzake.

Kabla alama hazijatangazwa, wakusanye wasimamizi wote mezani. Toa ripoti ya wastani kwa kila msimamizi. Ukiona zamu ya mchana ina wastani wa 4.4 na ya usiku 2.9, huku minofu na trei zilizorudishwa zinalingana, tatizo ni mikono ya wanaotoa alama. Wape majina ya wafanyakazi watatu wanaofahamika na wote, kila msimamizi aeleze angewapa ngapi na kwa ushahidi gani. Baada ya saa moja ya mabishano wanaanza kuongea lugha moja. Usilazimishe kwamba lazima asilimia fulani wafeli. Kwenye timu ya watu wanane huo ni ukatili wa kihesabu.

Mzunguko wa kwanza usiufunge na bonasi wala nyongeza. Watu wakijua kuna pesa, wasimamizi watagawa alama kwa huruma na hutajua kama viashiria vyako vinafanya kazi. Mzunguko wa tatu ndio wa kuunganisha na mshahara.

Hatua ya 6: Vipaji na nafasi zisizo na mrithi

Anza na swali moja: nani akiacha kazi kesho asubuhi, kiwanda kinasimama? Kwa kawaida jibu haliko ofisini. Ni fundi wa majokofu anayejua sauti ya kila kompresa, au binti wa udhibiti ubora anayejua nyaraka za mzigo wa nje zinavyotakiwa. Kila nafasi ya namna hiyo iingizwe kwenye mfumo na majina mawili chini yake: anayeweza kushika leo kwa shida, na atakayekuwa tayari baada ya mwaka. Nafasi isiyo na jina chini yake ndiyo inayokuonyesha bajeti yako ya mafunzo iende wapi.

Rejista ya ujuzi ndiyo inayokuletea majina hayo. Jaza vyeti vya VETA, leseni za udereva, kozi za usalama wa chakula, lugha, kompyuta. Utashangaa: kwenye meza za kufungashia kuna wenye stashahada ya uhasibu waliokosa kazi, na HR hakujua kwa sababu waliajiriwa kama vibarua na hakuna aliyewauliza. Nafasi ikitangazwa, mfumo utafute ndani kwanza.

Utakuta pia ule mraba wa vyumba tisa unaolinganisha utendaji wa sasa na uwezo wa baadaye. Ni chombo kizuri kwa kampuni ya watu elfu. Kwa watu 140, ukimwita mtu "chumba cha tatu", habari itafika kantini kabla ya saa saba, na hutaweza kuirudisha. Majina na mpango wa kila mmoja vinatosha.

Hatua ya 7: Anayeyumba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kuwa kumwachisha mtu kulikuwa na sababu halali na utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinaorodhesha yanayoangaliwa pale sababu inapokuwa utendaji duni: je, kiwango kilishindwa kufikiwa, mfanyakazi alikijua, kilikuwa cha kuridhisha, kwa nini hakukifikia, na je alipewa nafasi ya haki ya kukifikia. Yasome maswali hayo tena ukiangalia hatua zilizopita. Mfumo uliojazwa vizuri unajibu yote.

Kwa hiyo fungua mpango wa kuboresha wenye tarehe: pengo liko wapi, msaada gani atapewa, nani atamsaidia, na lini mtakutana tena. Kila kikao kiandikwe na mfanyakazi akithibitishe mwenyewe. Hali isipobadilika, mwite kwenye kikao cha kusikilizwa, aje na mwakilishi wake. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mbele ya msuluhishi karatasi zilizoandikwa baada ya tukio hujulikana mara moja. Mfumo unaohifadhi saa na tarehe ya kila maandishi unakulinda, na unamlinda mfanyakazi vilevile.

Hatua ya 8: Nani aone nini

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakugusa moja kwa moja: wewe ni mkusanyaji wa taarifa na unatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Alama za vidole na nyuso zinahesabiwa taarifa nyeti, kwa hiyo ridhaa iwe ya maandishi na kwa Kiswahili anachokielewa anayesaini. Ukitumia seva zilizo nje ya nchi, kuna masharti ya kuhamisha taarifa; mwachie mwanasheria asome mkataba wa muuzaji kabla hujalipa.

Ndani ya mfumo, msimamizi aone watu wake tu na asione mishahara. Mhasibu aone mishahara na asione maelezo ya tathmini. Mfanyakazi aone kila kilichoandikwa juu yake. Anayeondoka afungiwe siku hiyohiyo, lakini rekodi zibaki: maelezo ya ajira yanatakiwa kutunzwa miaka mitano baada ya ajira kukoma.

Ratiba ya kuanza

Mwezi wa kwanza safisha orodha na andika kazi. Wa pili chagua na ujaribu. Wa tatu washa mahudhurio na mishahara tu, huku Excel ya mhasibu ikiendelea pembeni, mpaka tarakimu zilingane kwa miezi miwili mfululizo. Malengo na maelezo ya wasimamizi yaanze na idara moja, ya wafungashaji kwa mfano, ambako kazi inaonekana na kuhesabika. Wakata minofu wafuate wakati mabishano ya mizani yameshapata majibu. Wasimamizi wapate mafunzo ya vipindi viwili vya nusu siku badala ya siku nzima moja, tena kwa kujaza watu wao halisi. Na watu wawili, siyo mmoja, wawe na nywila ya usimamizi mkuu wa mfumo, mmojawapo asiwe HR.